Bamvua ya Mlimani

Fomu ya kuhesabia ndege ina kisanduku kimoja kinaitwa "hali ya maji". Watu wa pwani wanakijaza: yanajaa, yanakupwa, bamvua yakijaa kupita kawaida, maji mafu yakijaa kidogo. Watu wa mlimani wanachora kistari hapo, wanaendelea na maisha yao. Sasa Nasma wa Milola, siku ya hesabu yake ya kwanza kabisa, kakaa juu ya mlima wa Nandenga, pembeni ya kinamasi chenye vyura na matete, mbali kabisa na maji ya chumvi, akaandika: "Bamvua. Yanajaa vizuri."

Na wala hakuwa anatania. Aliandika kwa moyo mweupe, akaipiga picha fomu yake, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la wahesabu ndege wa Kilwa na Lindi.

Kundi halikutulia siku mbili. Mtu wa Kilwa Masoko akauliza kama papa wameshaonekana huko Milola. Wa Mitole akaomba ratiba ya boti. Mudathiri, msimamizi wa kundi, kijana wa Lindi mjini mwenye sheria nyingi kuliko chumba cha mtihani, akaandika, "Wadau, hili ni kundi la takwimu tu," halafu mwenyewe akashindwa, akaweka emoji nne za kucheka mpaka machozi.

Aliyecheka kuliko wote ni Nusaiba, mdogo wake Nasma, tumbo moja, anayehesabu ndege kule kwao Kilwa Kivinje. Yeye hata hakuandika. Alipiga.

"Da Nasma! Bahari imepanda mlima?"

"Mkono umeandika wenyewe bwana. Mazoea."

"Mazoea gani, mwaka wa nane uko huko! Au shemeji Sadick alikuoa pamoja na bahari yako?"

"Mwili uko huku, miguu iko matopeni."

"Haya, jihadhari. Yakifika gotini urudi!"

Wakacheka mpaka salio likakata. Nasma anakijua kile kicheko mpaka sekunde kilipokatikia, maana ndicho alichobaki nacho.

Hiyo ya gotini ina asili yake. Mama yao, Bi Salima, alikuwa anachokoa chaza kwenye tope la Kivinje maji yakikupwa. Hawa wasichana wawili, ili wasimkanyagie kazi, aliwapa kazi yao: hesabuni ndege. Maji yakiwa mbali ndege wametawanyika tope zima, huwawezi. Yakianza kujaa yanawasukuma, yanawasukuma, mpaka wanabanana kwenye kipande kimoja cha mchanga kama watu kwenye swala ya Idi. Hapo ndipo unawahesabu. Watoto wanahesabu, maji yanapanda miguuni, na mama anapaza sauti kutoka alikoinama.

"Yamefika wapi?"

"Kifundoni!"

Baadaye kidogo tena. "Yamefika wapi?"

"Muundini!"

Siku ikifika "Gotini!" basi, hesabu imekwisha, beba ndoo, twende nyumbani. Na ole wako udanganye namba. Bi Salima alikuwa na jicho la ajabu. Akigundua umekisia, unaanza upya, mmoja, wawili, watatu, na maji nayo hayakungoji.

Kwa hiyo mradi wa kuhesabu ndege ulipokuja kutafuta watu, Nusaiba alijiandikisha siku ya kwanza, akamvuta na dada yake. "Huko mlimani kwenu si kuna ndege?" Kuna ndege, tena wa kumwaga. Barabara ya Nandenga ni ile waliyoichonga wapasua mbao zamani, inapanda kilomita nane ndani ya msitu mpaka juu kwenye uwanda, na pale juu maji ya mvua yamekaa miaka na miaka hayajui pa kwenda, yamekuwa kinamasi. Nasma akapewa barabara na kinamasi chake, darubini ya mradi ambayo jicho la kushoto lina ukungu wa kudumu, na mwenzake wa kuandika.

Mwenzake ni Dativa. Familia yake ilitoka kwenye uwanda wa Makonde, wana mikorosho yao hapo Milola. Ni mwimbaji wa kwaya, mama wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ambayo hata akinong'ona ndege kama kororo wanaondoka. Sheria inasema mmoja anaangalia, mwingine anaandika. Mradi ulipomchagua Dativa kuwa wa kuandika, msitu ulishukuru.

Basi mambo yakaenda vizuri mwaka mmoja. Halafu ukaja ule mwaka wa mvua kubwa.

Bi Salima alianguka asubuhi ya Jumatano, adhuhuri hakuwepo. Nasma alitoka Milola na kanga mbili mabegani, akafika mtoni, mto umekula daraja. Malori yamepanga foleni, watu wamekaa chini ya maturubai wanachemsha chai, maji mekundu yanapita na miti mizima. Kule Kivinje mazishi hayasubiri mto. Alasiri ile ile wakamzika. Nasma aliisikia dua kwenye simu, sauti inakuja inakatika, amesimama ukingoni amelowa mpaka kwenye mifupa.

Nusaiba akachukua simu. "Hata wa Dar wamefika, da Nasma."

Hilo tu. Alikuwa amechoka, alikuwa analia, alikuwa amemwosha mama yake kwa mikono yake. Nasma angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Akasema, "Na wewe uliyekuwa naye nyumba moja, ulikuwa unafanya nini mpaka akafa?"

Kuna maneno hayana kile kitufe cha kufuta kwa wote.

Alipofika Kivinje siku ya tano, Nusaiba alimpokea kama mgeni. Karibu, maji haya hapa, mkeka huu. Halafu akaenda kukaa chumba kingine. Na aliporudi Milola, akamtumia ujumbe wa sauti wa kuomba radhi. Tiki moja ya kijivu. Akatuma wa pili, wa tatu, mpaka kumi na moja. Zote tiki moja ya kijivu, zimejipanga kama vijiti. Kablokiwa. Simu haiingii, wajumbe aliowatuma walirudi na salamu za juu juu, na safari aliyokwenda mwenyewe aliambiwa Nusaiba yuko Dar kwa shangazi.

Kikabaki kitu kimoja tu: lile kundi. Kwenye kundi huwezi kumzuia mtu. Kila miezi mitatu, siku ya hesabu, jina linatokea pale.

Membe 412. Sululu 37. Kitwitwi 1,209.

Basi. Hana salamu, hana emoji. Mwingine anaona ndege pale. Nasma anasoma barua. Anamjua mdogo wake: akiwa hana raha anakisia, analeta mia tano, mia mbili, namba zimenyolewa kipara. Akiwa na amani anahesabu mpaka yule wa mwisho aliyejificha nyuma ya mwenzake.

"Elfu moja mia mbili na tisa," anamwambia mumewe Sadick wakiwa kwenye sinia. "Yuko vizuri. Amelala, amekula."

"Umejuaje?"

"Kuna ile tisa."

Sadick ni mkulima wa ufuta, mtu wa maneno machache. Alishazoea kuwa na shemeji anayeishi ndani ya namba. Lakini hesabu ya Oktoba ilipoingia, Membe 300, Sululu 50, Kitwitwi 1,000, Nasma alisukuma sinia pembeni na Sadick akalifunika.

Sasa na ile bamvua. Baada ya watu kumcheka, ungefikiri ataacha. Aliacha kuiandika tu. Mudathiri aliwafundisha kwamba ndege wa msituni na wa kinamasi wanahesabiwa asubuhi, saa nne umemaliza, rudi kwako. Nasma anapanda asubuhi, sawa, barabara anaihesabu kwa saa zake. Lakini siku ya kupanda anaichagua kwa mwezi, siku ambazo Kivinje kuna bamvua. Na akishafika kinamasini haondoki. Anakaa mpaka jua lipite utosini, mpaka saa nane, saa tisa, maji yanapojaa kule kwao. Kinamasi chenyewe hakipandi wala hakishuki, vyura wamelala, Dativa anasinzia. Yeye amesimama na darubini. Kwa sababu saa hiyo hiyo anajua Nusaiba naye amesimama, amekunja suruali chini ya dera, anahesabu.

Dativa alimuuliza mara moja tu. "Mdogo wangu, hivi tunamngoja nani hapa?"

"Maji yajae."

Dativa akayaangalia maji ya kinamasi, akamwangalia yeye, akafungua kifuko chake cha karanga.

Mwezi wa kumi na mbili Mudathiri akaandika kwenye kundi, safari hii bila emoji. Mradi umefika mwisho. Hesabu ya Januari ndiyo ya kufungia. Fomu zote ziingie Jumamosi ya hesabu hiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni, halafu atalifunga kundi, na ahsanteni sana wadau.

Nasma alisoma ule ujumbe amesimama uani, mchi mkononi. Watu wakaandika shukrani, wakaweka maua. Yeye alikuwa anaona jambo moja. Jumamosi ile saa kumi na mbili, hata zile namba hatazipata tena.

Ila kulikuwa na mlango mmoja.

Novemba wataalamu walikuja Kivinje kuwavisha ndege pete, na Nusaiba alikuwa mkono wao. Wanamkamata kitwitwi, wanamfunga kijibendera cha plastiki ya njano juu ya goti, chenye herufi na namba. Nusaiba aliweka picha moja kwenye kundi: kitwitwi kiganjani, pete S7. Nasma aliivuta ile picha mpaka ikawa miraba mitupu, si kwa ajili ya S7, ni kwa ajili ya ule mkono. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na bangili ya fedha ya mama yao.

Na Mudathiri, mungu wa sheria, alikuwa ameweka sheria: atakayeona ndege mwenye pete asitume kwenye kundi tu. Aliyemvisha pete lazima ampigie aliyemwona, waongee, wahakikishe mguu gani, rangi gani, herufi gani. Lazima. Iko kwenye maelekezo, ukurasa wa pili.

Kitwitwi si wa pwani peke yake. Hata kinamasini Nandenga huwa anatua mmoja, wawili, kandege kembamba ka kahawia kenye madoa, kanachezesha mkia kila saa. Ana mabawa, nani atamkataza? Kwa hiyo Nasma alihitaji kitu kimoja tu. Mguu wenye pete ya njano.

Asubuhi ya Jumamosi Sadick alimfungia mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. "Ukimwona huyo ndege," akasema, "mwambie na shemeji yake anamsalimia."

Walianza kupanda na Dativa jua halijatoka vizuri. Ilikuwa imenyesha, barabara imelowa, ukungu umelalia miti. Kitororo alishaanza kazi yake, ting, ting, ting, kama fundi anayegonga bati asilopewa ruhusa kuligonga. Hondohondo wawili wakapita juu, mabawa yao yanavuma kama mtu anakung'uta godoro.

"Hondohondo wawili," Nasma akasema.

"Wawili. Mke na mume. Mke ndiye anapiga kelele."

"Umejuaje ni mke?"

"Mimi ni mke, nakosa kumjua mwenzangu?"

Shorobo mmoja, mkia wa kijani, mabawa yakifunguka mekundu kama mtu aliyevaa sare kwa ndani. Kororo saba wanavuka barabara kwa foleni, nywele zao zimesimama. Dudumizi anasikika, haonekani. Ndege machozi wanne kwenye maua. Kila kona Dativa anaandika, na kila kona anatupa neno.

"Hapa ndipo ulipolia hesabu ya Aprili."

"Nilikuwa na mafua."

"Pale kwenye gogo ulilia Julai. Na pale ukalia ukakaa kabisa. Mafua yako yana ratiba nzuri, mdogo wangu. Wakija kuchora ramani ya barabara hii nitawaonyesha vituo."

Nasma akacheka. Kucheka kwenyewe ndiko kulikomchoma, maana hivi ndivyo walivyokuwa wakisemezana na Nusaiba. Nyumba ya Bi Salima hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake anampenda. Walitaniana. Ukiona mtu amekuwa na adabu kwako, ujue umeshaharibu. Ile "karibu, mkeka huu" ndiyo ilikuwa kipigo.

Saa sita kasoro walikuwa kinamasini. Ukungu ulikuwa unanyanyuka vipande vipande. Yangeyange wanne, fundichuma mmoja anatembea kama mkaguzi. Nasma akapitisha darubini kwenye tope, polepole, kwa jicho la kulia.

Akasimama.

"Da Dativa."

"Nini?"

"Usiongee."

Kwenye kituta cha majani, hatua thelathini hivi, kitwitwi. Amelala, mdomo ameufutika mgongoni. Amesimama kwa mguu mmoja, wa kushoto. Mguu ule mtupu, unaonekana wote, hauna kitu. Wa kulia kaukunja, kaufutika ndani ya manyoya ya tumbo.

Nusaiba, kwenye ile picha, pete alikuwa ameivisha mguu wa kulia.

"Ataushusha," Nasma akanong'ona.

"Ataushusha tu. Mguu mmoja mtu anasimama mpaka lini?"

Hawakumjua yule ndege. Saa sita ikapita. Nasma alisali adhuhuri pale pale kwenye majani makavu, na Mungu atamsamehe, sala ile ilikuwa fupi. Saa saba. Dativa akala muhogo wake, kisha akala wa Nasma. Ndege akafumbua jicho moja, akaliona jua, akalifumba. Saa nane kivuli kikamfikia, akaona hapamfai, na hapo Nasma akainua darubini: sasa anashusha. Yule ndege akaruka. Kwa mguu ule ule mmoja. Chwi, chwi, chwi, kama mtoto anayeruka visanduku vilivyochorwa mchangani, akahamia kwenye jua, akalala tena.

"Huyu ana kesi na sisi," Dativa akasema kwa kile anachokiita kunong'ona.

"Usiongee, dada yangu, nakuomba."

"Au hana mguu wa pili."

"Anao. Nimeona goti."

Saa nane na nusu. Kivinje sasa yanajaa. Nasma alikuwa anayaona akilini, tope linageuka kioo, ndege wanaanza kusogea. Akaanza kuongea na kile kindege kimoyomoyo. Shusha tu. Mara moja, nione. Mimi sikutaki wewe, nina mtu namtaka. Shusha, niongee na mdogo wangu.

Saa tisa na robo Dativa akaanza kukunja uso. Akaziba pua. Akaziba mdomo. Macho yakamtoka, akainamisha kichwa ndani ya kanga, akapigana vita kubwa ambayo historia haitaiandika. Akashindwa. Chafya ya mwimbaji wa kwaya ikatoka na kupiga mlima wa pili ikarudi.

Ndege huyo, juu! Sauti yake nyembamba, chif-if-if, miguu imenyooka nyuma, msitu ukammeza. Kufumba na kufumbua.

"Njano!" Dativa akapiga kelele. "Nimeiona njano!"

"Umeona mguu."

"Pete! Naapa!"

"Miguu yake yenyewe ina unjano, da Dativa. Hata ule wa kushoto ulikuwa hivyo hivyo."

"Kwa hiyo huenda ilikuwepo."

"Huenda."

"Basi naandika S7."

"Usiandike."

Dativa akaishusha kalamu. Safari hii hakunong'ona wala hakutania. "Sikiliza, mtoto wa watu. Miaka miwili na nusu unanililia kwenye barabara hii. Leo mlango umefunguka nusu, unaniambia usiandike? Nani atapanda huku kuhakiki, chura? Ukiandika S7, lazima akupigie. Usipoandika, saa kumi na mbili kundi limefungwa, kesho unampata wapi? Kosa ni la chafya yangu, acha na dhambi iwe yangu."

Nasma akaifunga darubini. Wakashuka. Msitu ulikuwa umenyamaza, hata yule fundi wa bati alikuwa ameondoka kazini.

Kuna kona moja katikati ya barabara, karibu na jiwe kubwa, ndipo mtandao unakopanda. Walifika saa kumi na moja na nusu. Simu ya Nasma ikaanza kutetemeka mfululizo, fomu za watu wote zilikuwa zimeshaingia. Ya Nusaiba ilikuwa imeingia saa kumi na moja kamili.

Membe 388. Sululu 41. Kitwitwi 1,163.

Nasma akazisoma mara tatu. Hazikunyolewa. Mdogo wake alikuwa amehesabu mpaka yule wa mwisho.

Akakaa juu ya jiwe, akaanza kuandika. Hondohondo 2. Shorobo 1. Kororo 7. Akafika kwenye kitwitwi, kidole kikaandika chenyewe: Kitwitwi 1, pete ya njano, S7, mguu wa kulia. Kilichobaki ni kubonyeza tu.

Na kichwani aliisikia ile simu ikiita. Kabisa. Aliisikia sauti: pete ilikuwa juu ya goti au chini? Herufi zimefutika? Umemwona kwa dakika ngapi? Na yeye anajibu moja moja, anadanganya, na Nusaiba kule anaandika kwenye daftari, bangili ya mama inagonga meza. Sauti angeipata. Lakini ingekuwa inaongea na S7. Halafu zile namba zote alizokuwa anazisoma kama barua, ile tisa, hii sitini na tatu, mtu amesimama majini anazihesabu kweli kweli, yeye amjibu kwa namba ya kubuni? Bi Salima angemtazama mara moja tu. Anza upya. Mmoja.

Akafuta.

"Unafuta?" Dativa akauliza.

"Nafuta."

Dativa akashusha pumzi, akakaa naye juu ya jiwe, bega kwa bega. Nasma akaandika upya.

"Kitwitwi 1. Mguu wa kushoto hauna pete. Mguu wa kulia aliukunja tumboni. Nimemsubiri kwa muda wa saa tatu na robo aushushe, hakuushusha. Ameruka."

Akabakiwa na kile kisanduku. Hali ya maji. Tangu ile fomu ya kwanza anachora kistari tu. Akakiangalia. Ndiyo mara ya mwisho, nani atamfukuza kazi? Akaandika: "Bamvua. Yanajaa vizuri."

Akatuma. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tisa.

Kundi likalipuka. Wa Masoko akauliza wale papa bado wapo? Wa Mitole akasema ile boti yake haijafika mpaka leo. Emoji zikamwagika. Mudathiri akaandika, "Wadau, takwimu tu," na mara hii hata yeye hakuonekana kuamini anachoandika. Nasma alikuwa anaziangalia zikipita, kama mtu anayeangalia wageni wakiondoka harusini.

Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili, jina la Nusaiba likatokea.

"Yamefika wapi?"

Watu wa kundi hawakuelewa. Mmoja akauliza, nini kimefika? Mwingine akaweka alama ya kuuliza. Dativa alisoma juu ya bega la Nasma, naye hakuelewa, lakini alimwona mwenzake ameziba mdomo kwa kanga, na mafua yenye ratiba yake yameanza kona isiyo kituo.

"Amesema nini huyo? Ndiyo nzuri au mbaya?"

Nasma akaandika neno moja.

"Gotini."

Tiki mbili. Zikageuka buluu.

Juu ya kioo kukaandikwa: Nusaiba anaandika. Ikapotea. Ikarudi. Nusaiba anaandika. Ikapotea tena. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Dakika tano, dakika kumi, na Mudathiri, mtu wa sheria, hakulifunga kundi.

"Twende basi, giza hilo," Dativa akasema taratibu.

"Kidogo tu, dada."

"Tunamngoja nani sasa?"

Nusaiba anaandika. Ikapotea. Nasma akaishika simu kwa mikono miwili kama anavyoishika darubini, jicho halibanduki, akangoja naye ashushe mguu.